Safari ya Gari Kuzunguka Michigan: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Theluji ikianza kuyeyuka, maswali nayo huanza kumiminika. Nataka kuwapeleka watoto kwenye maziwa, tuanzie wapi? Nina mgeni anakuja Julai kutoka Mombasa, nimwonyeshe nini? Nimeyakusanya hapa yale yanayorudiwa sana, kwa ajili ya tunaoishi Marekani na kwa wageni wetu wanaokuja kutembea. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: Michigan haifaidiwi na anayekimbizana na orodha ya miji. Shika ukingo wa ziwa moja na uufuate, mengine yatakuja yenyewe.

Michigan ina nini cha kunitoa nyumbani?

Maji. Jimbo hili limepakana na maziwa 4 kati ya yale 5 yanayoitwa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini: Superior, Michigan, Huron na Erie. Ontario peke yake ndilo halilifikii. Ndani kuna maziwa madogo zaidi ya 11,000, na popote utakaposimama huwi mbali na Ziwa Kuu kwa zaidi ya maili 85.

Aliyekulia Mwanza, Kisumu au Bukoba ataelewa ninachosema. Superior ndilo ziwa la maji yasiyo na chumvi lenye eneo kubwa kuliko yote duniani, kama kilomita za mraba 82,000. Linalolifuata ni Victoria letu. Huron ni la tatu, Michigan la nne. Kwa kina, hata hivyo, Tanganyika halina mpinzani hapa: linashuka mita 1,470, wakati Superior linaishia mita 406.

Nchi kavu nayo imegawanyika vipande viwili. Rasi ya Chini ina umbo la kiganja, na mwenyeji ukimuuliza anatoka wapi atakunyooshea mkono na kugusa mahali penyewe: hapa kwenye kidole gumba, pale ncha ya kidole cha kati. Rasi ya Juu, ambayo kila mtu huiita U.P. (Upper Peninsula), iko ng'ambo ya mlango wa maji wa Mackinac, na daraja moja tu ndilo linaloziunganisha.

Siku ngapi zinatosha?

Kwa wikendi ya siku tatu, chagua upande wa magharibi wa Rasi ya Chini peke yake, na usivuke daraja. Kwa wiki moja unaweza kufika U.P. mashariki na kurudi bila kuchoka. Ukitaka kwenda mpaka Copper Harbor, mwisho kabisa wa kaskazini, tenga siku kumi.

Watu wengi huidharau ramani. Kutoka Detroit hadi Mackinaw City ni kama maili 290, zaidi ya saa nne za barabara kuu. Kutoka Detroit hadi Copper Harbor ni safari ndefu kuliko kutoka Detroit hadi Washington, mji mkuu wa nchi, na yote iko ndani ya jimbo hilohilo. Anayeanzia Grand Rapids ana nafuu, kwa sababu hufika kwenye daraja kwa saa tatu na nusu hivi.

Tuje mwezi gani?

Ukiwa na watoto wa shule, kati ya katikati ya Julai na mwisho wa Agosti. Maji ya Ziwa Michigan huwa yamepata joto kidogo, cheri za Traverse City zimeiva, na mbu wamepungua. Epuka U.P. mwishoni mwa Mei na Juni kama ngozi yako haivumilii wadudu: kuna inzi wadogo weusi wanaouma kwelikweli, na wanakuja kwa makundi.

Kama huna watoto wa shule, mimi ningekuambia uje mwishoni mwa Septemba. Majani ya miti ya U.P. hugeuka mekundu, ya machungwa na ya dhahabu kuanzia wakati huo hadi mapema Oktoba, halafu rangi huteremka kusini taratibu mpaka mwisho wa mwezi. Vyumba vinashuka bei na barabara zinapumua. Beba sweta.

Majira ya baridi si ya safari ya kwanza. Upepo ukivuka maji ya ziwa hubeba unyevu na kuumwaga nchi kavu kama theluji. Rasi ndogo ya Keweenaw, huko juu kabisa, ilipata inchi 390 za theluji katika msimu wa 1978–79, karibu mita 10. Kuna kijiti cha vipimo kando ya barabara kinachoonyesha urefu huo, na ukisimama chini yake ukatazama juu unajua kwa nini vivutio vingi hufungwa kuanzia Novemba.

Ukipewa wiki moja, ungepita njia gani?

Ningeanzia Grand Rapids au Chicago na kupanda kaskazini nikiwa na Ziwa Michigan upande wa kushoto. Ludington ni kituo kizuri cha kwanza. Wanaotoka Wisconsin wanaweza kufika hapo kwa meli: SS Badger hubeba magari kutoka Manitowoc kwa saa nne, ilianza kazi mwaka 1953, na huendeshwa kwa makaa ya mawe hadi leo.

Kutoka Manistee achana na barabara pana, ingia M-22. Inajikunja na ukingo wa ziwa kwa zaidi ya maili 100 hadi Traverse City, ikipita vilima vya mchanga vya Sleeping Bear Dunes na kijiji cha Leland, ambako mabanda ya zamani ya wavuvi bado yamesimama juu ya maji na samaki wa kukaushwa kwa moshi wanauzwa palepale. Usipange kufanya kitu kingine siku hiyo. M-22 ni ya kusimamasimama.

Baada ya Traverse City fuata US-31 kupitia Charlevoix na Petoskey. Ufukweni Petoskey utaona watu wazima wameinama kama waliodondosha funguo. Wanatafuta jiwe la Petoskey, masalia ya matumbawe ya kale, ambalo tangu 1965 ni jiwe rasmi la jimbo. Likiwa kavu ni jiwe la kijivu la kawaida. Lilowanishe, na utaona vijumba vyenye pembe sita vimepangwa uso mzima, kila kimoja na kitovu cheusi na mistari inayotoka katikati. Sheria ya jimbo inaruhusu ratili 25 kwa mtu kwa mwaka. Ndani ya hifadhi za taifa kama Sleeping Bear hairuhusiwi kuokota hata moja.

Kutoka Harbor Springs hadi Cross Village kuna M-119, maili 20 chini ya handaki la miti. Ni nyembamba, haina mstari katikati, na haifai gari la kulala. Ukitoka hapo uko karibu na daraja.

Ng'ambo, shika US-2 kuelekea Manistique, kata kwenda Munising, rudi mashariki kwa M-28 hadi maporomoko ya Tahquamenon, kisha Sault Ste. Marie. Ukirudi Rasi ya Chini, usirudi na njia uliyojia. Chukua US-23 upande wa Ziwa Huron, kupitia Rogers City na Alpena. Ni upande wa kimya, vyumba ni nafuu, na Alpena kuna mashua yenye sakafu ya kioo inayokupitisha juu ya meli zilizozama.

Leseni yangu ya nyumbani itakubalika?

Mgeni wa muda anaweza kuendesha kwa leseni halali ya nchi yake. Kama haikuandikwa kwa Kiingereza, kama ile ya Congo iliyo kwa Kifaransa, beba tafsiri yake au kibali cha kimataifa cha udereva, na kibali hicho hutolewa nchini kwako kabla hujasafiri. Kampuni za kukodisha magari nyingi hukiulizia hata pale sheria isipokulazimisha. Ukishahamia Michigan kuishi, unatakiwa kupata leseni ya jimbo.

Magari hapa hupita kulia. Anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda ajizoeze kwanza mitaa ya ndani kabla ya kuingia barabara kuu. Hatari haiko kwenye barabara yenye magari mengi, maana pale unafuata wenzako. Iko alfajiri, unapotoka peke yako kwenye kituo cha mafuta na mkono wako wa zamani unakuvuta kushoto.

Kukodi gari je?

Wenye umri chini ya miaka 25 hutozwa nyongeza. Kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo kwa jina la dereva, na gari likirudishwa mji mwingine gharama hupanda sana, ndiyo maana mzunguko ni bora kuliko njia ya kwenda tu. Soma sehemu ya bima mpaka mwisho. Gari dogo la kawaida linatosha kiangazi. Huhitaji gari la magurudumu manne yenye nguvu.

Sheria gani za barabarani huwakamata wageni?

Kasi ya juu barabara kuu ni maili 70 kwa saa, na baadhi ya vipande vya kaskazini ni 75. Barabara za njia mbili nyingi ni 55. Simu mkononi imepigwa marufuku tangu Juni 30, 2023, hata ukiwa umesimama kwenye taa nyekundu.

Basi la shule la njano likisimama na kuwasha taa nyekundu, simama, hata kama linakuja upande wa pili, isipokuwa barabara imegawanywa na kizuizi katikati. Kwenye taa nyekundu unaruhusiwa kukata kulia baada ya kusimama kabisa, kama hakuna kibao kinachokataza. Na usishangae ukitaka kukata kushoto ukakuta kibao kinakuzuia: hapa mara nyingi unapita makutano, unageuza mbele kwenye nafasi iliyotengwa, kisha unarudi na kukata kulia.

Mtoto wa chini ya miaka 8 lazima awe kwenye kiti chake maalumu, mpaka afikishe urefu wa futi 4 na inchi 9.

Polisi akinisimamisha nifanye nini?

Hili nalisisitiza, kwa sababu desturi zetu ni tofauti. Nyumbani wengi wetu hushuka garini kumsalimia afande na kuzungumza naye kiungwana. Hapa usishuke. Egesha kulia mahali salama, zima injini, washa taa ya ndani kama ni usiku, weka mikono juu ya usukani ionekane, na umngoje aje dirishani. Kabla ya kufungua kisanduku cha mbele kutoa karatasi, mwambie unachotaka kufanya, ndipo ukifanye. Usitaje chai, usitaje kitu kidogo, hata kwa utani.

Waelezee pia abiria wako, hasa wazee na vijana wanaotoka nyumbani kwa mara ya kwanza. Kila mtu abaki kwenye kiti chake.

Naogopa madaraja. Lile la Mackinac likoje?

Ni refu: kama kilomita 8 kutoka mwanzo hadi mwisho, na katikati uko karibu mita 60 juu ya maji. Lilifunguliwa Novemba 1, 1957. Kabla ya hapo magari yalivushwa kwa feri, na wakati wa msimu wa uwindaji foleni ilisimama kwa saa nyingi. Ushuru ni dola 4 kwa gari dogo, na mbali na madaraja kama hili na handaki la Detroit la kwenda Canada huna mahali pengine utakapolipia barabara katika jimbo zima.

Njia ya ndani ina sakafu ya chuma yenye matundu. Tairi huimba juu yake, na abiria akitupa macho chini anaona maji. Kaa njia ya kulia, ambayo ina lami, nenda maili 45 kwa saa, tazama mbele. Ukishindwa kabisa, mamlaka ya daraja ina wafanyakazi wa kukuendeshea gari lako hadi ng'ambo. Omba bila aibu, huduma hiyo ipo kwa sababu wengi wanaihitaji.

Asubuhi ya Siku ya Wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, daraja hufungwa kwa magari ili watu watembee kwa miguu. Usipange kuvuka saa hizo.

Naweza kuingia Mackinac Island na gari?

Hapana. Magari yalipigwa marufuku kisiwani mwaka 1898, na marufuku haijaondolewa. Unaacha gari Mackinaw City au St. Ignace, unapanda feri kwa dakika ishirini hivi, na ukishuka unakuta farasi, baiskeli na harufu ya sukari inayopikwa madukani. Barabara inayozunguka kisiwa, M-185, ina maili 8 na ushei. Kwa baiskeli ni saa moja na nusu ya taratibu, maji upande mmoja na msitu upande wa pili. Aliyewahi kutembea Lamu atajisikia nyumbani kwa jinsi sauti ya mji inavyobadilika pasipo injini.

Nenda na feri ya kwanza ya asubuhi. Kufikia saa sita mchana barabara kuu ya mjini haipitiki.

Tukishavuka, U.P. kuna nini cha kuona?

Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko popote.

Anza na Kitch-iti-kipi, karibu na Manistique. Ni chemchemi yenye kina cha futi 40, ndani ya msitu wa mierezi. Unapanda jahazi bapa linalovutwa kwa waya, na abiria wenyewe ndio huzungusha gurudumu. Watoto hupigania zamu. Katikati ya sakafu kuna uwazi. Chini yako maji ni ya kijani kibichi lakini safi kiasi kwamba unahesabu matawi ya miti iliyolala sakafuni, trauti wakubwa wanapita polepole, na mchanga unachemka kama uji pale maji yanapotokea ardhini, zaidi ya galoni 10,000 kila dakika. Joto lake halibadiliki, nyuzi 7 za Selsiasi kiangazi na majira ya baridi, kwa hiyo hapagandi. Watu husema kwa kunong'ona bila kuambiwa.

Munising ndiyo lango la Pictured Rocks, iliyotangazwa mwaka 1966 kuwa ukingo wa kwanza wa ziwa kuhifadhiwa na taifa. Miamba ya mchanga husimama wima juu ya Superior, na maji yanayochuruzika ndani yake huacha michirizi: chuma hutoa wekundu, shaba kijani na buluu, manganizi weusi. Ukiwa juu huzioni vizuri. Lipia mashua, na uchukue ile ya alasiri, jua likiwa limeelekea miambani.

Maporomoko ya Juu ya Tahquamenon yana upana wa futi 200 na yanaanguka futi 48, maji yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Si uchafu. Ni tanini kutoka mabwawa ya mierezi mto unakopita. Mbele kidogo, Whitefish Point, kuna makumbusho ya meli zilizozama. Meli ya Edmund Fitzgerald ilikwenda chini si mbali na hapo Novemba 10, 1975, na mabaharia wote 29. Kengele yake ilitolewa majini mwaka 1995 na imewekwa ndani ya makumbusho hayo. Aliyetoka Mwanza au Zanzibar, anayekumbuka MV Bukoba au MV Spice Islander, hatahitaji kuelezwa kwa nini watu huvua kofia wakiingia chumba kile.

Malizia Sault Ste. Marie. Superior liko juu ya Huron kwa zaidi ya futi 20, na tangu 1855 meli hupandishwa na kushushwa kwa vizuizi vya maji viitwavyo Soo Locks. Jukwaa la kutazamia ni la bure. Ngoja meli ya chuma ghafi yenye urefu wa futi 1,000, ikipita karibu nawe huku ikishuka taratibu bila kelele yoyote. Kuna programu za simu zinazoonyesha meli ipi iko njiani.

Ziwa ni ziwa tu. Kuogelea kuna hatari gani?

Kubwa. Watu hufa kila kiangazi, na wengine ni waogeleaji hodari. Upepo wa ziwa unaweza kuinua mawimbi makali kwa muda mfupi, na kando ya gati kuna mkondo unaokuvuta nje sambamba na ukuta wa saruji. Usiogelee karibu na gati wala kutembea juu yake mawimbi yakiwa yanaruka.

Fukwe za hifadhi za jimbo hazina waokoaji. Tazama bendera: kijani ni shwari, njano ni tahadhari, nyekundu kaa nje, nyekundu mbili maji yamefungwa kisheria. Ukichukuliwa na mkondo usishindane nao. Lala chali, elea, punguza hofu, kisha ogelea pembeni. Superior lina hatari nyingine: ni baridi hata Julai, na baridi hiyo hukata pumzi kabla hujaanza kupiga mikono. Watoto wavae jaketi la kuelea muda wote.

Tumeona picha za watu wakishuka kilima cha mchanga Sleeping Bear. Tushuke?

Pale panapoitwa Dune Climb, ndiyo, watoto wataruka na kuviringika mpaka wachoke. Lakini kwenye barabara ya Pierce Stocking kuna roshani iliyo futi 450 juu ya Ziwa Michigan, na mteremko wake ni mkali mno. Kushuka ni dakika chache. Kupanda ni saa moja, hata mbili, kwa mikono na magoti, jua likikuchoma, bila maji. Kibao kimewekwa pale kuonya, na anayehitaji kuokolewa anaweza kupewa bili. Mimi ningesimama juu, nitazame, nipige picha.

Ukitazama mbele utaona visiwa viwili, North Manitou na South Manitou. Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa nchi hii, wanasimulia kuhusu dubu mama aliyekimbia moto wa msitu huko ng'ambo, akaogelea ziwa lote na watoto wake wawili. Alifika pwani akapanda juu kuwangoja. Watoto hawakufika. Visiwa ndio wao, na mama ndiye kilima.

Tulale wapi, na tulipie nini mlangoni?

Kambi za hifadhi za jimbo hufunguliwa kuwekewa nafasi miezi sita kabla, na zile za ufukweni hujaa asubuhi hiyohiyo. Ukichelewa, tafuta moteli ndogo za kifamilia kando ya US-2 na US-23.

Kuna ada mbili tofauti, na watu huzichanganya. Hifadhi za jimbo, kama Tahquamenon na Kitch-iti-kipi, hudai kibali kiitwacho Recreation Passport. Mwenye gari lililosajiliwa Michigan hukilipia kwa bei ndogo anapofanya upya usajili, wa nje hununua cha siku au cha mwaka mlangoni. Sleeping Bear na Pictured Rocks ni za serikali ya taifa, kwa hiyo kibali hicho hakisaidii huko. Unalipa ada nyingine, inayodumu siku saba kwa gari.

Chakula, hasa halali, kinapatikana?

Dearborn, jirani ya Detroit, ni mji wenye Waarabu wengi, na nyama halali ipo kila kona: nyama choma, wali, mikate inayotoka tanuruni. Jaza kisanduku chako cha barafu huko au Grand Rapids, maana ukipita Traverse City mambo huwa magumu. Kaskazini tegemea samaki. Whitefish wa kukaanga au wa moshi hukosi mji wowote wa ufukweni.

Kitafunwa cha U.P. ni pasty, unga uliofungwa nyama, viazi na vitunguu kisha ukaokwa, mzito wa kushika mkono mzima. Ulikuja na wachimba madini wa Cornwall, Uingereza, waliofuata shaba ya Keweenaw karne ya 19. Uliza kama kuna wa mboga.

Wanaosali wajue kwamba mwishoni mwa Juni jua la Marquette huzama karibu saa 4 kasorobo usiku, na alfajiri huingia mapema mno. Na wilaya nne zinazopakana na Wisconsin ziko saa moja nyuma.

Naweza kukatiza Canada?

Ramani itakushawishi, lakini kuvuka ni kutoka Marekani kwa kila maana ya kisheria. Kama kesi yako ya uhamiaji haijaisha, usivuke kabla ya kuzungumza na wakili. Detroit kuna mitego: barabara za kuvukia kwenda Canada ziko karibu na njia za kawaida, na ukishaingia mara nyingi huwezi kugeuza. Ukiona kibao kinachotaja Canada, badili njia mapema.

Beba karatasi zako. Asiye raia, mwenye miaka 18 na zaidi, anatakiwa kisheria kuwa na hati yake ya usajili mwilini, na maafisa wa mpaka wanafanya kazi sehemu nyingi za jimbo hili.

Mabango ya bangi yako kila mahali. Ni halali?

Kwa sheria ya Michigan, tangu kura ya 2018, ndiyo, kwa wenye miaka 21 na zaidi. Kwa sheria ya taifa, hapana, na uhamiaji unafuata sheria ya taifa. Asiye raia akikiri tu kuitumia anaweza kuharibu maombi yake ya ukaazi au uraia. Waambie vijana wako waziwazi.

Ni kweli kulungu husababisha ajali?

Zaidi ya ajali 50,000 kwa mwaka Michigan huhusisha kulungu, nyingi Oktoba na Novemba, alfajiri na magharibi. Akivuka mmoja, punguza mwendo, kwa sababu wengine wanamfuata. Usikate usukani kumkwepa. Shika breki, kaa kwenye njia yako. Wanaokufa mara nyingi ni waliogonga mti.

Kuna mahali panapohusu historia ya watu weusi?

Idlewild, na inanisikitisha kwamba wenzetu wengi huipita bila kujua. Iko karibu na Baldwin, saa moja na nusu hivi kutoka Grand Rapids. Ilianzishwa mwaka 1912, wakati Wamarekani weusi walikuwa wakifungiwa milango kwenye hoteli za maziwani. Hapa walinunua viwanja vyao wenyewe, wakajenga nyumba, wakaogelea bila kuulizwa. Daniel Hale Williams, daktari wa upasuaji wa moyo, alikuwa na ardhi hapa, na Aretha Franklin aliimba hapa. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ilipofungua milango kwingine, wageni walipungua na kumbi zikanyamaza. Ziwa bado lipo, na nyumba ndogo bado zimesimama chini ya misonobari.

Detroit tenga siku nzima: makumbusho ya Charles H. Wright, nyumba ya Motown, kampuni ya muziki, na Dearborn basi lenyewe ambamo Rosa Parks, mwanamke mweusi, alikataa kuinuka kumpisha mzungu mwaka 1955. Amini, wanakuruhusu kupanda na kukaa.

Nitakutana na Waswahili njiani?

Grand Rapids ina maelfu ya Wakongomani, na Kiswahili utakisikia makanisani na madukani, Lansing pia. Ukipita huko Jumapili, uliza tu, utapata wa kukuelekeza kwenye ugali na sombe. Kaskazini ya hapo huenda ukawa peke yako, ila watu wa U.P. ni wakarimu na watakupungia mkono barabarani.

Mafuta na simu?

Mzunguko nilioueleza ni kama maili 1,000 hadi 1,200. Gari linalokwenda maili 30 kwa galoni litatumia galoni 33 hadi 40. U.P. jaza tangi likifika nusu. Simu hukatika kwa muda mrefu msituni, kwa hiyo pakua ramani kabla, na ukingoni mwa Superior zima huduma ya nje ya nchi, kwani simu hushika minara ya Canada na kukutoza.

Kwa nini dukani wameongeza senti 10 kwa kila chupa ya soda?

Ni amana, kwa sheria inayotumika tangu 1978. Usizitupe wala kuziponda. Ziweke kwenye mfuko nyuma ya gari, na kwenye supamaketi kubwa tafuta mashine karibu na mlango: unaingiza moja moja, inatoa risiti, unalipwa kwa keshia. Chupa za maji na juisi hazimo.